Sura ya Saba: Fundi Alikuja Juzi, Mbona Bomba Limeziba Tena?

Swali hili huulizwa na mama mwenye nyumba aliyesimama uani akitazama maji meusi yakipanda kutoka kwenye chemba. Huulizwa pia na mpangaji wa chumba cha uani aliyeamka alfajiri kwenda kuoga, akakuta sakafu ya bafu imefunikwa. "Fundi alikuja juzi, tukamlipa, maji yakaenda vizuri. Leo tena?" Lawama humwangukia fundi: kalipua kazi makusudi ili aitwe tena. Mafundi wa namna hiyo wapo, lakini katika nyumba nyingi sababu ni nyingine kabisa.

Fundi bomba anapofika na waya wake mrefu, anausukuma ndani ya bomba mpaka utokee upande wa pili. Maji yakishapita, kila mtu anashukuru. Ila waya umetoboa tundu tu katikati ya uchafu ulioganda. Uchafu wenyewe umebaki palepale, umeshikilia kuta za bomba pande zote, na bomba la inchi 4 sasa lina njia isiyozidi upana wa kidole gumba. Wiki mbili za kuosha masufuria zinatosha kulifunga tundu hilo.

Kwa hiyo sura hii haitakaa sana kwenye kuzibua. Siku bomba linapogoma ni siku ya mwisho ya kazi iliyoanza miezi mingi nyuma, kwenye sinki la jikoni, sakafu ya bafu na bakuli la choo. Wenye uwezo wa kuisimamisha kazi hiyo ni wanaopika, wanaoosha vyombo na wanaooga, na hawahitaji kifaa chochote cha gharama.

Maji yanapita wapi?

Chini ya sinki lako kuna kipinde cha bomba ambacho hubaki na maji muda wote. Katika nyumba nyingine ni kikopo cha plastiki kinachofunguka kwa mkono. Maji hayo yaliyotuama ndiyo yanayozuia harufu na mende wa karo wasipande ndani. Bakuli la choo nalo lina kipinde chake, kilichofinyangwa ndani ya kauri yenyewe. Alexander Cumming, fundi saa kutoka Uskoti aliyefanya kazi London, ndiye aliyepewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya choo chenye kipinde cha aina hiyo mwaka 1775. Mpaka leo hakijapatikana kitu bora zaidi ya maji yaliyotuama kwenye bomba lililopinda.

Ubaya wa kipinde ni kwamba hukauka. Bafu la wageni lisilotumika, au tundu la sakafuni ambalo hakuna anayelimwagia maji, huacha njia wazi. Mwaka 2003, ugonjwa wa SARS ulipoikumba Hong Kong, wakazi zaidi ya 300 wa majengo ya Amoy Gardens waliambukizwa, na wachunguzi walitaja vipinde vya sakafuni vilivyokauka kuwa mojawapo ya njia zilizopitisha maambukizi. Jagi moja la maji kila wiki kwenye tundu lisilotumika ni kazi ya dakika moja.

Kutoka kwenye kipinde, maji huingia bomba dogo, kwa kawaida inchi moja na nusu au 2. Hilo huungana na bomba kubwa la inchi 4, ambalo ndilo pia linalobeba choo. Bomba kubwa hupita kwenye chemba. Chemba ni kisanduku cha tofali au zege kilichofukiwa ardhini, chenye mfuniko juu, na hujengwa pale bomba linapokata kona au pale mabomba mawili yanapokutana. Mwisho wa safari ni ama karo la nyumbani, ama bomba kuu la mtaa. Dar es Salaam, mabomba makuu hufika sehemu ndogo tu ya jiji, hasa katikati ya mji na maeneo machache yanayouzunguka. Waliobaki wanategemea karo au shimo, na kinachojaa humo hubebwa na magari ya kunyonya majitaka hadi kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti.

Kuna kipande kimoja ambacho wajenzi wengi hukiruka: bomba la hewa, lile linalosimama wima ukutani na kutokea juu ya paa. Bila hilo, choo kinapovutwa maji hunyonya hewa kupitia vipinde vya jirani na kuvimaliza maji. Ukisikia sinki linakoroma kila choo kinapovutwa, kwanza tazama juu ya paa kama bomba hilo lipo.

Jikoni: mafuta, na yale yanayonaswa na mafuta

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mabomba mengi yanapofia.

Supu ya ng'ombe ikiwa jikoni, shahamu yake ni maji matupu. Ukiimwaga kwenye sinki itateremka bila shida yoyote, na ndiyo maana watu huamini hakuna kilichoharibika. Mita chache mbele, ndani ya bomba lililofukiwa kwenye udongo, shahamu hiyo inapoa na kushika ukuta kama ukoko unavyoshika sufuria. Shahamu ya ng'ombe na mbuzi huganda hata kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yanayoteremka vizuri Tanga yatagoma Njombe au Mbeya. Mafuta ya alizeti hayagandi hivyo, lakini hukaa, hunata, kisha hushika unga na kila kinachopita.

Na vinavyopita ni vingi. Chembe za wali. Ukoko wa ugali uliolowekwa sufuriani usiku kucha, kisha ukamwagwa wote pamoja na maji yake. Majani ya chai. Magamba ya dagaa na perege. Machicha ya nazi yaliyoponyoka kwenye kifumbu. Nyuzi za stilwaya zilizokatika. Na kuna kitu ambacho wageni wa nyumba zetu hawakitegemei: mchanga na majivu ya kusugulia masufuria. Mchanga hauozi, hauyeyuki, wala hauelei. Unatua chini ya bomba, mafuta yanaufunika, unga unajaza mapengo, na baada ya muda una kitu kigumu karibu na zege.

Anayetaka kuona mambo haya yanaishia wapi atazame London. Mwezi Septemba 2017, wafanyakazi wa majitaka walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel donge la mafuta, pampasi na wipesi lenye urefu wa mita 250 na uzito uliokadiriwa kuwa tani 130. Liliziba mtaro wenye nafasi ya mtu kupita. Walilivunja kwa majembe na mipira ya maji yenye msukumo mkali kwa wiki kadhaa, na mwaka uliofuata kipande chake kikawekwa kwenye jumba la makumbusho la jiji hilo ili watu wakitazame. Mtaro mzima wa jiji la kale ulizibwa na vijiko vya mafuta vilivyomwagwa majikoni, nyumba kwa nyumba.

Wataalamu waliochunguza madonge ya aina hiyo waligundua kwamba si mafuta matupu. Sehemu kubwa ni aina ya sabuni ngumu. Mafuta yakikaa kwenye majitaka huvunjika na kutoa asidi, na asidi hiyo ikikutana na kalisi, madini yaleyale yaliyo kwenye chokaa na saruji, hugeuka kuwa sabuni isiyoyeyuka. Wanaotumia maji ya kisima yaliyo magumu wanaijua dalili yake: sabuni haitoi povu, na beseni hubaki na utando mweupe unaonata. Utando huo unajijenga pia ndani ya bomba lako. Kwa maoni yangu, nyumba yenye kisima cha maji magumu inapaswa kuogopa mafuta mara mbili zaidi ya nyumba nyingine.

Kinachotakiwa jikoni ni haya:

- Futa sufuria na kikaango kwa gazeti au tishu kabla ya kuviloweka. Karatasi hiyo iende kwenye taka.
- Mafuta yaliyokwisha kukaangia yakipoa, yamimine kwenye chupa tupu yenye kifuniko. Ikijaa, itupe na taka ngumu.
- Supu iliyobaki iache ipoe, utoe shahamu iliyoganda juu kwa kijiko, ndipo uoshe sufuria.
- Makombo yote, ukoko ukiwemo, yakwanguliwe kwenye ndoo. Kuku na bata watashukuru.
- Weka kichujio kwenye tundu la sinki. Ni kisahani cha bati au plastiki chenye matundu madogo, na kinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi.
- Masufuria yanayosuguliwa kwa mchanga au majivu yaoshewe nje, na maji yake yamwagwe mbali na tundu la bomba.

Kati ya yote hayo, kufuta kabla ya kuosha ndiko kunakoleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote. Na mtu anayehitaji kuelezwa sababu yake ni yule anayeosha vyombo kila siku, awe dada wa kazi, mtoto wa shule au wewe mwenyewe. Amri ya "usimwage mafuta" bila maelezo husahaulika Jumapili ya kwanza ya pilau.

Mama lishe, wenye vibanda vya chipsi na migahawa wanahitaji zaidi ya kichujio. Wanahitaji chemba ya mafuta: kisanduku kinachowekwa kati ya sinki na bomba kubwa, ambamo maji hutulia kidogo, mafuta yakapanda juu, na maji ya chini yakatoka kupitia bomba lililozamishwa. Chemba hiyo ina sharti moja. Lazima mafuta yatolewe kila mara, na kwa biashara yenye kazi nyingi yatolewe kila wiki, vinginevyo hupita moja kwa moja kana kwamba chemba haipo.

Bafuni: nywele zisizooza

Nywele za kichwani zikichanganyika na sabuni hufanya kamba laini inayonasa kwenye kipinde. Hizo angalau fundi akizivuta zinatoka. Tatizo kubwa la siku hizi ni rasta na nywele za bandia. Msichana akifumua nywele bafuni, vipande vya rasta vinateleza tunduni pamoja na povu. Rasta ni plastiki. Haitaoza leo wala baada ya miaka ishirini, na nyuzi zake hujisokota kwenye kila kiungo cha bomba chenye ncha kali ndani. Nimeona fundi akivuta kutoka bomba la bafu mkia wa rasta nyeusi wenye urefu wa mkono mzima, na ndani yake kulikuwa na kipande cha sabuni, kifuniko cha dawa ya meno na jino moja la kitana.

Kufumua kufanyike ukumbini au uani, juu ya gazeti, na tundu la bafu liwe na wavu. Wavu huo usafishwe kwa mkono kila baada ya siku chache, kwa sababu wavu uliojaa huwafanya watu waung'oe kwa hasira na kuutupa. Watoto wanaorudi kucheza wamejaa mchanga wamwagiwe maji miguuni nje kabla ya kuingia bafuni. Wanaokaa karibu na ufuko wanaelewa ninachosema.

Chooni: vitu vitatu tu

Choo kimetengenezwa kubeba vitu vitatu: mkojo, kinyesi, na karatasi ya chooni. Cha nne ni maji ya kuvibeba. Pedi, pampasi, wipesi, kondomu, pamba, vipande vya nguo, gazeti na sindano havimo.

Ubishi huwa kwenye wipesi, kwa sababu baadhi ya pakiti zimeandikwa kwamba zinaweza kutupwa chooni. Usibishane na pakiti, fanya jaribio. Chukua chupa mbili zenye mdomo mpana, zitie maji nusu. Moja tia kipande cha karatasi ya chooni, nyingine wipesi moja. Funga, tikisa kwa nguvu, ziache kwa nusu saa, kisha tikisa tena. Karatasi ya chooni itakuwa imesambaratika na maji yamekuwa na ukungu. Wipesi itatoka nzima, na ukiivuta kwa mikono miwili huenda isichanike. Rudia na tishu ya mezani uone. Hiyo nayo hutengenezwa ili istahimili kulowa. Onyesha watoto jaribio hili. Wataliongoza zoezi la kulinda choo vizuri kuliko wewe.

Pedi zinahitaji neno la peke yake. Zimetengenezwa kunyonya na kuvimba, kwa hiyo pedi iliyopita kwenye bakuli ikiwa nyembamba huvimba ndani ya bomba na kuketi hapo. Wanawake wengi huzitupa chooni kwa sababu hakuna pahali pengine pa faragha pa kuziweka. Choo kinachotumiwa na wapangaji kadhaa hakina pipa, na hakuna anayetaka kutoka nje amebeba pedi mkononi mbele ya majirani. Lawama hapo ni za mwenye nyumba. Pipa dogo lenye kifuniko, lililotandikwa mfuko, na utaratibu wa kulimwaga bila mtu kuulizwa chochote, huondoa tatizo ambalo mabango ya "USITUPE PEDI" yameshindwa kuliondoa.

Kuna pia suala la maji kidogo. Mgawo wa maji ukiuma, familia huanza kumwaga nusu ya ndoo ndogo, hata baada ya watu watatu kupita. Kinyesi hutoka kwenye bakuli, lakini hakifiki kwenye chemba. Kinasimama katikati ya bomba, kinakauka kwa juu, na kinachofuata kinakikuta hapo. Afadhali kumwaga mara chache lakini kwa maji mengi na kwa kishindo kimoja, kuliko kumwaga kikombe kikombe. Maji ya kufulia na ya kuoga yanafaa sana kwa kazi hii. Ya kuoshea vyombo hayafai, maana utakuwa unahamisha mafuta ya jikoni kuyapeleka chooni.

Kwa ufupi mpaka hapa

Mafuta na makombo yaishie jikoni, nywele na mchanga viishie kwenye wavu, na choo kipewe vitu vitatu na maji ya kutosha. Yanayofuata hayatokani na matumizi ya kila siku. Ni mambo ya ujenzi na ya ardhi.

Chini ya ardhi

Bomba la majitaka halisukumwi na pampu. Linategemea mteremko peke yake. Bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita moja. Likilazwa karibu sawa na ardhi, maji hutambaa na kuacha mizigo nyuma. Likipata tumbo katikati, pale udongo ulipotitia kwa sababu haukushindiliwa, maji hutuama hapo siku zote na uchafu hukusanyika hapo hapo. Ukiwa unajenga, simama kando ya fundi akiwa na pima maji yake kabla mtaro haujafukiwa. Baada ya kufukia, kosa hilo ni la kuishi nalo.

Kona nazo zina maana. Elbo ya nyuzi 90 hupunguza kasi ya maji ghafla. Elbo mbili za nyuzi 45 zikifuatana hupindisha bomba vilevile, lakini kwa upole. Bei inaongezeka kidogo sana, na waya wa fundi utapita bila kugoma.

Kuhusu mizizi nitasema kifupi. Mzizi hautoboi bomba zima la plastiki. Unaingia kwenye kiungo kilichopakwa gundi vibaya, unafuata unyevu, kisha unatanuka ndani na kuwa kichaka. Mikuyu na jamii yake ndiyo mibaya zaidi. Usipande mti wowote mkubwa juu ya mstari wa bomba, na ukiwa na nyumba ya zamani yenye mabomba ya udongo au saruji, kagua chemba zilizo karibu na miti mara kwa mara.

Mvua ni adui tunayemkaribisha wenyewe. Wakati wa masika, watu hufunua mifuniko ya chemba ili maji ya uani yapate pa kwenda, na wengine huunganisha mabomba ya paa moja kwa moja na majitaka. Maji yanaondoka kweli, lakini yanapeleka mchanga, majani na mifuko ya plastiki ndani ya bomba ambalo halikupimwa kwa wingi huo. Mvua zinapokwisha, mchanga unabaki. Maji ya mvua yawe na mfereji wake, tena wa wazi, unaofagilika.

Karo linavyofanya kazi

Karo, ambalo mafundi wengi hulijua kwa jina la septiki, ni tangi la chini ya ardhi ambamo majitaka hutulia. Vizito huzama na kuwa tope. Mafuta na vyepesi huelea na kuwa utando. Kati yake kuna maji yaliyo afadhali kidogo, na hayo ndiyo yanayotoka kwenda shimo la pili, lile la kunywea, ambako ardhi huyanyonya. Bakteria wasiohitaji hewa hula sehemu ya tope, lakini hawalimalizi. Linaongezeka mwaka hadi mwaka.

Tope na utando vikijaza theluthi moja ya karo, wakati wa kunyonya umefika. Kwa familia ya kawaida yenye karo la kutosha, hiyo huwa kati ya miaka 3 na 5. Huhitaji kukisia: chukua mti mrefu, uviringishie kitambaa cheupe, uteremshe taratibu mpaka uguse chini, uache dakika chache, utoe. Sehemu yenye tope itakuwa imebaki na alama nyeusi, na utaipima kwa futi. Ukisubiri mpaka choo kikatae, tope litakuwa limekwisha kuvuka na kuziba vinyweleo vya shimo la kunywea, na hilo halinyonywi na gari. Huchimbwa jingine.

Wapo wanaosubiri mvua kubwa, kisha usiku wanafungua karo na kuliachia mtaani. Dar es Salaam kitendo hiki kinajulikana kama kutapisha choo. Ni kosa kisheria, na mitaa ya mabondeni ndiyo inayolipa, kwa kuhara na kipindupindu cha watoto wanaocheza kwenye maji hayo asubuhi. Sipati lugha laini ya kukisemea kitendo hiki. Kama gharama ya gari ni kubwa kwa nyumba moja, nyumba mbili au tatu zenye mashimo yaliyo karibu zipange siku moja na ziombe bei ya pamoja.

Likianza kusuasua, tafuta limezibia wapi

Bomba hutoa taarifa mapema. Maji ya sinki yanazunguka kabla ya kushuka. Choo kinapanda juu kisha kinashuka taratibu. Ukivuta choo, tundu la bafu linatoa mapovu. Harufu inakuja jioni. Mende wanaongezeka bafuni. Ukiona moja ya dalili hizi, usingoje.

Kwanza jiulize: ni sehemu moja au zote? Sinki likigoma peke yake na choo kinakwenda vizuri, uchafu uko kwenye kipinde au bomba dogo la sinki hilo. Weka ndoo chini, fungua kipinde kwa mkono, kisafishe, rudisha. Kama kila kitu kinasuasua, tatizo liko kwenye bomba kubwa. Funua chemba moja baada ya nyingine kuanzia iliyo karibu na nyumba. Chemba iliyojaa ikifuatiwa na iliyo tupu, basi uchafu umekaa kati ya hizo mbili. Zote zikiwa zimejaa, tazama karo. Mtu anayemweleza fundi "ni kati ya chemba ya pili na ya tatu" analipia kazi ya saa moja badala ya siku nzima.

Kwenye ghorofa, maji hurudi kupitia tundu lililo chini kuliko yote. Kwa hiyo mpangaji wa chini ndiye anayefurikiwa na uchafu wa waliokaa juu yake, na mara nyingi ndiye anayelaumiwa.

Fundi akishazibua, mwombe asukume maji mengi kwa mpira, na chemba ya mbele iwe wazi mkitazama kinachotoka. Yakitoka maji tu, bomba halijasafishwa, limetobolewa. Endeleeni mpaka vipande vya mafuta na tope vitoke na kuzolewa kwa koleo, visiachwe kuteremka kwenye bomba linalofuata.

Vya kuogopa

Kostiki soda, ileile wanayotumia watengenezaji wa sabuni, huuzwa kama dawa ya kuzibua. Inachoma ngozi na inapofusha macho. Ikikutana na maji huchemka. Ikikutana na mafuta mengi inaweza kuyageuza sabuni inayoganda mbele zaidi, na kwenye karo huua bakteria wanaokusaidia. Mimi siitumii na simshauri mtu mwenye watoto nyumbani kuiweka. Usichanganye dawa yoyote ya kuzibua na nyingine: dawa ya madoa yenye klorini ikikutana na asidi hutoa hewa yenye sumu papo hapo. Maji yanayochemka nayo hulegeza viungo vya mabomba ya plastiki. Yatosha maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyagusa.

Usimulike ndani ya chemba au karo kwa kibiriti. Humo mna gesi inayowaka. Na mtu yeyote asiingie kwenye karo, hata likiwa limenyonywa. Ndani yake hukaa hewa nzito yenye harufu ya mayai viza, ambayo ikizidi huua pua kwanza, ukadhani imekwisha, kisha humwangusha mtu kwa pumzi chache. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Kifaa kilichodondoka humo kinunuliwe kingine.

Nyumba yenye wapangaji

Mabishano mengi ya majitaka ni ya fedha: nani alipe? Yaandikeni kwenye mkataba kabla mtu hajahamia. Mgawanyo ninaouona wa haki ni huu: unyonyaji wa karo, mteremko mbovu, mizizi na bomba lililopasuka ni juu ya mwenye nyumba. Kipinde cha sinki na wavu wa bafu la chumba ni juu ya mpangaji. Bomba la pamoja lililoziba kwa pedi, rasta au mafuta hulipiwa na wote wanaolitumia, lakini mwenye nyumba asidai hilo kama hajaweka pipa chooni na kichujio kwenye sinki la pamoja.

Mwezi Februari, kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, mwenye nyumba na wapangaji wafunue chemba zote pamoja. Wazoe mchanga, waangalie kama maji yanapita kwa kasi kutoka upande mmoja hadi mwingine, wapime tope la karo kwa mti, na mifuniko iliyovunjika ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu mtoto anaweza kutumbukia.